Maneno Yako Hayakurudishwa

Chumba cha ushonaji,
nyuma ya duka la vioo,
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

Kabla ya yote, hali yako? Na usinijibu "mzima, mzima" kama unavyomjibu Mama, maana Mama akishaweka simu chini hututangazia sote kwamba una mafua na unaficha. Nataka habari kamili. Kifua kikoje? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua tangu ulipoanza kubeba majokofu ya watu kupanda nayo ngazi, umepona au umeuzoea tu? Na miwani umekubali kuvaa, au bado unasoma mkono ukiwa umenyooka kama unataka kumpa mtu gazeti?

Wifi yangu hajambo? Mwambie nampenda hivihivi, hata bila kumwona. Na watoto wangu wawili? Nasema wangu, na usinibishie, shangazi yao ni mimi peke yangu, hata kama wananijua kwa picha na kwa nguo ninazowashonea kwa kukisia. Mama aliniambia kwamba mikono ya shati la mdogo ilifika magotini. Nisamehe. Nilidhani amerefuka.

Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, anagombana na redio. Goti lake la kushoto limegoma lakini mdomo haujagoma. Shemeji yako ameota kitambi na hataki kukiri. Ati mimi ndiye ninayemshonea mashati madogo. Mimi! Mtu ninayempima kila mwaka kwa futi ileile! Mpwa wako amemaliza ufundi wa umeme na sasa anashinda juu ya nguzo, roho yangu iko mkononi mchana kutwa. Akirudi jioni huwa namhesabu vidole, naye anacheka.

Utajiuliza imekuwaje niandike barua, mtu mwenye simu. Mbishi, tusidanganyane. Unampigia Mama kila Jumapili saa nne asubuhi, saa ambayo unajua fika kwamba mimi niko ukumbini. Mwaka wa kwanza nilisema imetokea tu. Sasa ni miaka kumi na tisa, na hakuna jambo la kutokea tu linaloshika saa namna hiyo. Nami nikikupigia, simu inalia mpaka inachoka. Sikulaumu. Ningekuwa wewe, nami nisingepokea.

Basi nakuomba jambo moja tu: isome barua hii mpaka mwisho. Inahusu jina lako lililofutwa kwenye daftari la jumuiya yetu, na ile Jumatano ya mvua, na mimi. Ukishafika kwenye sahihi yangu, ichane ukitaka.

Najua utamsomea wifi, na yeye hakukulia kwenye madawati yetu, kwa hiyo ngoja nimweleze kidogo asije akadhani kaolewa na mtu wa ukoo wa vichaa. Wewe ruka mistari ukipenda.

Wifi, jumuiya yetu haina askofu wala mkubwa yeyote wa kutuamrisha. Haina hata orodha ya mambo ambayo lazima mtu ayakubali ndipo apewe pa kukaa. Mchungaji tunamwajiri kwa kura, na kwa kura tunaweza kumuaga. Kila aliyeandikwa kwenye daftari ana kura moja, awe daktari au mfagia barabara. Kila baada ya miaka miwili jumuiya zote hutuma wajumbe kwenye Mkutano Mkuu, nao wanakaa juma zima wakibishana juu ya mambo ya dunia: wafungwa, vita, wakimbizi, haki za wanawake, nani anaruhusiwa kuoana na nani. Wakikubaliana hutoa Tamko. Lakini hata Tamko si amri. Linateremshwa kwetu, tunalijadili, tunaamua wenyewe tutafanya nini nalo. Kuna Tamko moja la mambo ya mito na misitu tumelijadili mpaka karatasi imekatika kwenye mikunjo.

Na tuna desturi moja, ambayo ndiyo iliyozaa barua hii. Kabla ya kura yoyote, mtu wa upande mmoja lazima asimame ayaseme maneno ya mwenzake wa upande wa pili. Ayaseme vizuri, bila dhihaka, mpaka mwenye maneno aridhike na kutamka, "Nimesikiwa." Asiporidhika anasema, "Bado," na yule anaanza upya. Tunaita kurudisha maneno. Bila hivyo hakuna kura. Inachosha, sikufichi. Tulipokuwa tunachagua rangi ya ukuta, mwuza maziwa alisema "bado" Jumapili tatu mfululizo, mpaka watu wakaikubali rangi yake ili waende wakale. Ndiyo maana ukumbi wetu leo ni wa kijani cha dawa ya kikohozi.

Haya, Mbishi, rudi sasa.

Mwaka huu Mkutano Mkuu umetuteremshia Tamko la Makazi. Linasema watu wakifukuzwa au wakibomolewa nyumba zao, kila jumuiya ijiulize kama milango yake itakuwa wazi. Hata hatujalisoma mara ya pili, lile jengo la ghorofa nyuma ya kiwanda cha sabuni likapasuka ukuta kutoka juu hadi chini. Wakaguzi wakaja, wakabandika karatasi, wapangaji wakapewa siku tatu. Wengi walipata ndugu wa kuwapokea, lakini familia saba hazikuwa na pa kwenda. Tukaitisha kikao cha dharura, Jumapili baada ya ibada.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti siku hizi ni yule mama fundi baiskeli, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Katibu ni msichana muuguzi wa meno, mpole ajabu, lakini akishika faili haachi. Na Mzee Hoja bado yupo! Seremala wetu yuleyule aliyechonga madawati yote, ambaye hajawahi kumaliza kikao bila kuinuka na kusema, "Hoja ya utaratibu!" Ana miaka themanini na mbili sasa. Sikio moja halisikii, lakini katiba ya jumuiya anaijua kifungu kwa kifungu kuliko anavyojua majina ya wajukuu wake. Najua humpendi. Ndiye aliyeleta hoja ya kukufuta. Nivumilie kidogo.

Katibu alisema kwamba kabla ya kuamua lolote, ingefaa tujue jumuiya ilifanya nini mara ya mwisho jambo kama hili lilipotokea. Akafungua faili la kumbukumbu za zamani. Nikajua papo hapo anataka kusoma nini. Nikaanza kuviringisha futi ya kupimia iliyokuwa shingoni, kuviringisha na kuviringua.

Akasoma. Kwamba mtunza ukumbi, yaani wewe, siku ya Jumatano uliwafungulia mlango watu wa familia kumi na moja waliobomolewa vibanda vyao karibu na reli. Kwamba hukuiuliza kamati. Kwamba Jumapili wanachama walifika wakakuta masufuria yamepangwa jukwaani na nguo zimeanikwa kwenye madawati. Kwamba hakuna aliyesema wale watu wafukuzwe, na wengi walikwenda kuleta mablanketi. Lakini ikaletwa hoja kwamba jina lako lifutwe, kwa kuwa nyumba ya wote uliifungua kwa uamuzi wa mtu mmoja. Waliokubali arobaini na mmoja, waliokataa kumi na saba.

Kisha akasoma mstari ambao sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuusoma tangu ulipoandikwa: "Maneno ya mtunza ukumbi hayakurudishwa. Kura ikapigwa."

Jamani! Mwenyekiti akamwambia arudie. Akarudia. Ndipo Mzee Hoja akaanza kuinuka, ameshikilia dawati la mbele, goti moja, goti la pili, na watu wakaguna kama kawaida yao, maana walijua kinachokuja.

"Hoja ya utaratibu," akasema. "Kura ile ni batili. Hoja niliileta mimi, na mimi nasema ni batili. Kijana hakurudishiwa maneno yake, kwa hiyo hakufutwa. Ni mwanachama wetu leo, alikuwa mwanachama jana, na sisi tumemfungia mlango miaka kumi na tisa bila haki."

Mbishi, mzee huyu nimemchukia miaka yote hiyo. Nilikuwa namshonea suruali na kumwekea mifuko midogo makusudi, penseli yake isiingie. Nilidhani anapenda sheria kwa sababu anapenda kushinda. Kumbe hata sheria ikimgeukia yeye mwenyewe anasimama nayo. Siku ile nilitamani kumkumbatia, na suruali zake zote nimeomba anirudishie nizitie mifuko ya maana.

Mwuza maziwa, ambaye mzaha hauwezi kumkaa tumboni, aliuliza kama basi sasa uandikiwe onyo la utoro kwa Jumapili karibu elfu moja ulizokosa. Watu wakacheka, mimi sikuweza.

Mzee Hoja alitaka jambo lirekebishwe palepale, na akasema yeye ndiye atakayerudisha maneno yako. Akajitahidi, haki ya Mungu alijitahidi. Alisema kijana aliona mvua, akaona watoto, akaona ana ufunguo. Alisema kijana hakuwadharau wenzake, alidhani wenzake nao wangefungua. Akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. Mwenyekiti akauliza: sasa nani atasema kwamba amesikiwa, na mwenyewe hayupo? Ukumbi mzima ukageuka kuniangalia mimi, dada mtu.

Nikasimama. Nikasema siwezi kusema umesikiwa, kwa sababu lipo neno lako moja ambalo Mzee Hoja hakulijua, na aliyelificha ni mimi.

Nikawaambia jambo ambalo tangu siku ile tumelijua mimi na wewe tu. Kwamba Jumatano ile, kabla hujafungua mlango wowote, ulikuja kwangu. Uliingia humu chumbani umelowa chapachapa, maji yakitiririka juu ya vitambaa vya wateja, nami nikakufokea kwa ajili ya vitambaa. Ukasema kuna watu kule relini wananyeshewa na watoto wao, ukaniuliza tufanyeje. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati. Sikusimamisha hata cherehani. Nilikwambia, "Fungua. Kamati nitaiambia mimi." Ukaenda, ukafungua.

Na kamati sikuiambia. Alhamisi nilikuwa na gauni la bibi harusi. Ijumaa nikasema kesho. Jumapili nilipoziona nyuso za wenzangu, niliogopa. Ndiyo, niliogopa, sina neno zuri zaidi la kuweka hapo. Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye kamati, mshona nguo katikati ya walimu na wahasibu, na nilipenda sana walivyokuwa wakiniuliza maoni yangu. Nilitaka waendelee kuniuliza.

Mwenyekiti wa wakati ule alipouliza nani atarudisha maneno yako, aliniangalia mimi. Na wewe uliniangalia. Ungeweza kusema, "Dada ndiye aliyeniambia nifungue." Lilikuwa neno moja tu na lingekuokoa. Hukulisema. Nami niliombwa nisimame, nikakaa. Ukaweka funguo mezani polepole, hata hukuzitupa, ukatoka. Juma halikuisha ukawa umesafiri.

Miaka yote hii nimejaribu kukuomba msamaha kichwani mwangu, na kila nilipoanza nilijikuta natafuta visingizio: gauni la bibi harusi, ugeni wangu kwenye kamati, hasira zako. Leo nimevimaliza. Nilikukosea, Mbishi. Jambo tulilifanya wawili, nikakuacha ulibebe peke yako mbele ya watu, nawe ukanificha kama vile mimi ndiye mdogo. Nisamehe. Kama huwezi sasa, nitangoja. Kama hutaweza kamwe, bado nilipaswa kukwambia.

Hayo ndiyo niliyoyasema ukumbini, pamoja na kamasi na machozi ambayo sikukuandikia. Hakuna aliyenifokea. Mzee Hoja alinigeuzia lile sikio lake zima, akauliza, "Kwa hiyo hakuamua peke yake?" Nikasema hapana, mzee. "Basi hata hoja yangu haikuwa ya kweli," akasema, akakaa. Alikaa vibaya, pembeni kabisa mwa dawati, mpaka jirani yake akamshika mkono.

Kamati nilijiuzulu palepale. Wakapiga kura kama wakubali au wakatae. Wakarudishiana maneno kwanza, bila shaka, na waliokubali nitoke walikuwa thelathini na wanane kwa tisa. Nilidhani ningeumia. Kusema kweli nililala vizuri, na sasa siku za kikao cha kamati nashona kwa raha zangu na redio iko juu.

Wale watu wa ghorofa usiwahofie, waliingia siku ileile. Nimeshona mapazia ya kuugawa ukumbi, kitambaa kizito cha mistari, mita sitini, sindano tatu zilivunjika. Kila familia ina chumba chake na pazia lake la kufunga kwa vifungo, maana mama mmoja alisema pazia lisilo na vifungo ni kama kulala barabarani, na mimi nikaona ana haki. Kuna kinyozi miongoni mwao amefungua kazi barazani, na nusu ya wazee wa jumuiya sasa wana nywele za vijana. Shemeji yako naye kanyolewa. Sisemi kitu.

Na tumepitisha kifungu kipya kwenye katiba yetu: yeyote aliyekabidhiwa ufunguo anaweza kufungua mlango kukiwa na hatari, mradi ndani ya siku tatu aje mbele ya wote na kueleza. Kimeandikwa na Mzee Hoja kwa mkono wake. Katibu amekipa namba, lakini huko nje kila mtu anakiita Kifungu cha Mbishi. Juzi nimemsikia mtoto wa miaka saba akikiita hivyo, wala hakujui wewe ni nani.

Linalobaki ni wewe. Mzee Hoja anataka kuiondoa ile hoja yake, lakini unatujua tulivyo: hoja iliyojadiliwa haiondolewi mpaka yule aliyesemwa arudishiwe maneno yake. Kwa hiyo kikanuni bado iko mezani, imekaa hapo miaka kumi na tisa inakungoja. Katibu atakuletea barua rasmi yenye mhuri, usishtuke. Kikao ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Wanachotaka kwako ni neno moja, nimesikiwa au bado, nawe unaweza kulituma kwa barua, kwa simu, au ukaja kulisema mwenyewe umesimama pale mbele. Chumba chako kipo. Nimeshayatoa majora ya vitambaa, nimebadilisha balbu.

Mama nilimwambia jioni ileile, kabla watu hawajaniwahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimkate kucha za miguu kama kila Jumapili, nikamkata. Siku mbili hakugusa chakula nilichopika mimi, anakula cha mpwa wako tu, ambaye kupika hajui. Siku ya tatu akaonja changu, akasema hakina chumvi. Nikalia kwa furaha, akaniuliza nalia nini, chumvi si iko kabatini? Kisha akasema, "Mwandikie. Usimpigie, atakukatia."

Nikwambie na lingine la Mama. Tangu jina lako lifutwe hajakanyaga ukumbini. Watu wote anawaambia ni goti. Lakini goti lilianza mwaka juzi, Mbishi, na Mama aliacha kuja miaka kumi na tisa iliyopita. Anabaki nyumbani kukungoja upige simu. Sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kusema, na mimi nilishukuru kwamba hasemi.

Sasa nafanya nililopaswa kufanya siku ile. Narudisha maneno yako. Ya Mzee Hoja nimeyatia humu kwenye bahasha, katika karatasi yake, ameyaandika kwa ile penseli ya useremala, utayasoma. Haya ni yangu, na sikuyakisia. Ni yale uliyoniambia jikoni kwa Mama siku ya Jumamosi, kesho yake ndiyo kikao, unamenya viazi na mimi nakatakata.

Ulisema ufunguo ule hukuuchukua, ulipewa kwa kura ya watu wote, na hakuna aliyekwambia ni wa kufungia tu. Ulisema vikao vyetu ni Jumapili na mvua ilinyesha Jumatano. Ulisema hukutaka kuwa mkubwa wa mtu yeyote. Wakikukaripia utakubali, wakikunyang'anya ufunguo utakubali, lakini kusema ulikosea hutasema, kwa sababu kulikuwa na mtoto wa miezi minne amelazwa kwenye beseni la plastiki na maji yameanza kuingia, na wewe ulilibeba beseni na mtoto ndani yake. Ulisema unaipenda jumuiya yetu kwa kuwa haina bwana, na hofu yako ni kwamba siku moja kikao chenyewe kitakuwa bwana. Mimi nikacheka, nikasema unaongea kama mjumbe wa Mkutano Mkuu. Hukucheka. Ukatupa kiazi ndani ya sufuria, ukasema, "Wala siogopi kesho. Sikufanya peke yangu. Dada yangu alijua, na atasema."

Je, umesikiwa?

Kama bado, sema bado. Nitaanza upya, mara ngapi sijali.

Mama anakusalimu na anasema vaa sweta. Shemeji yako anakusalimu na anakutaka uje uwe shahidi wa mashati. Mpwa wako anamsalimu mjomba wake, anasema ukifika atakuonyesha taa za mtaa mzima alizozifunga yeye. Mzee Hoja naye ameomba nikufikishie salamu zake kwa utaratibu unaofaa. Msalimie sana wifi yangu, uwabusu watoto, na unipimie urefu wa mikono ya huyo mdogo, kuanzia begani hadi kwenye kifundo, mkono ukiwa umekunjwa kidogo.

Mungu, kwa jina lolote mnalomwita huko mliko, awape afya, kazi isiyovunja mgongo, na mlango wa kuingilia popote mvua itakapowakuta.

Barua hii imenichukua tangu asubuhi. Viti vipo vitatu humu chumbani, na wateja wawili wameshanikaribisha kwenye kiti changu mwenyewe. Nimekataa. Nimeiandika yote, neno kwa neno, nikiwa nimesimama.

Wako akupendaye, aliyechelewa,

Dada